Kutembea ku milima na makorongo ya Kundelungu: unaanzia ku lupango ya shefu

Bandugu mingi ba hapa Lubumbashi bananiulizaka vile tunafanyaka juu ya kwenda kutembea ku milima, na kila mara swali ya kwanza ni ya biatu, ya pili ni ya karte mu telefoni, ya tatu ni ya franga ya transporti. Juu ya batu benye banaikala kule hakuna mutu anauliza. Njo maana naandika yote hii kwa urefu, na nitaanzia fasi yenye miye naona inapashwa kuanzia.

Njia ya ku mulima haikutengenezwa juu ya batu ba kutembea. Ile njia unaona inapanda mu mawe ni mama fulani anaendaka ku shamba ya mihogo, ni mutoto anaendaka kuchota mayi, ni baba wa makala anasukuma kinga yake na magunia marefu yamefungwa nyuma. Kule Ufaransa njia za kutembea zile ndefu banazipaka rangi nyeupe na nyekundu ku miti na ku mawe, mutu anafwata rangi siku nzima bila kusema na mutu yoyote. Kwetu rangi njo batu. Kama hauongei nao hauna njia, uko na pori tu.

Kwa benye habajue fasi: Kundelungu ni ile plato kubwa kaskazini-mashariki ya Lubumbashi, kule juu ni tambarare ya majani yenye kupita mita 1,600, karibu hakuna miti isipokuwa mu mabonde fasi mayi inapita, na upande wa muto Lufira inakatika gafula, ukuta wa mawe tabaka juu ya tabaka. Mito inatoka juu inaanguka mu ile ukuta na kila mumoja umechimba korongo yake. Mukubwa wao ni Lofoi, mayi yake inaruka zaidi ya mita 300 kwa mara moja, ni moja ya maporomoko marefu ya Afrika, kisha inaenda kujitia mu Lufira. Fasi kubwa ya ile plato ni parke toka mwaka 1970 na iko chini ya ICCN, lile shirika ya serikali yenye inachungaka maparke. Pembeni ya parke na mu njia ya kuifikia njo kuko bijiji bidogo byenye naongelea.

Miezi kwanza, juu ukikosa mwezi umekosa safari. Mvua yetu inaanza Oktoba ao Novemba inaenda paka Aprili, na mwezi wa Juni, Julai na Agosti karibu hakuna hata tone. Mu mvua usijaribu: barabara ya udongo inakula gari, mito inajaa, majani inakupita kichwa na radi ya kwetu haina huruma. Miye napendaka mwisho wa Mei na Juni, mayi ingali na nguvu mu maporomoko, udongo umekauka, moto wa pori haujawa mingi. Julai ni muzuri kwa kutembea lakini baridi iko, hapa Lubumbashi kwenyewe usiku inashukaka chini ya digri 10, sasa fikiri kule juu mu upepo bila mti wa kujificha. Septemba na Oktoba ni joto na moshi, hauone mbali, na maporomoko mingine imebaki kamba nyembamba ya mayi. Kama unaenda juu ya kuona Lofoi ikinguruma usingoje Oktoba.

Usianzie kule. Hii naiombaka kila kikundi na kila mara kuko mumoja anakasirika. Mutu mwenye hajatembea kilometa 15 na sakado ku mugongo asianzie ku plato. Fanya kwanza miezi mbili ya kutembea karibu, jumamosi asubuhi, mu njia za makala zenye zinatoka mu miombo na kuingia muji, na kama unaweza fika Likasi, ule muji uko katikati ya bilima, kilometa kama 120 ya barabara ya lami, unaenda asubuhi unarudi mangaribi. Kule utajua kama biatu byako binakula bidole, utajua unakunywa mayi ngapi, na utajua nani mu kikundi anatembeaka mbele bila kuangalia benzake. Ule wa mwisho unamuambia mapema, juu ku korongo hautakuwa na nafasi ya kumufundisha.

Kisha ruhusa. Kama njia yako inagusa parke unapita ku biro ya ICCN hapa Lubumbashi, unauliza kuingia, kulala, na mulinzi wa kuwasindikiza, yote kabla ya kutoka, juu ukifika ku Katwe, kituo cha parke, bila karatasi siku yako imekufa. Beba karte ya mupiga kura ao kitambulisho ingine, na fotokopi. Kama uko na rafiki mugeni wa inchi ingine, paspoti yake na viza bikuwe karibu, si chini ya sakado. Usipige picha ya musoda, ya daraja, ya kituo cha polisi, ya mugodi. Na juu ya usalama: uliza kila safari, hata kama ulienda mwezi jana. Kaskazini zaidi, lile eneo la katikati ya Manono, Mitwaba na Pweto lilikuwaka linaitwa pembe tatu ya kifo kwa sababu ya benye silaha, na mambo ya kule inaweza kusogea. Habari ya dereva wa lori mwenye alitoka kule jana inapita habari yoyote ya mu telefoni. Nenda ku parkingi, ongea na madereva wawili watatu wenye habajuane, kama maneno yao inapatana unaenda, kama haipatane unangoja.

Sasa tufike mugini.

Ukifika, usipite. Hata kama jua inaenda, hata kama njia unaiona wazi mbele yako. Unasimama, unatoa kofia, unauliza mama ao mutoto wa kwanza unamukuta: «Mama, jambo yenu. Lupango ya shefu iko wapi?» Batakupeleka. Batakupa kiti, unaikala, na haupashwe kusema neno ya safari papo hapo. Munasalimiana kwanza, banauliza mulilala namna gani, mumetoka wapi, wazazi bako ni ba wapi. Ile swali ya wazazi usiikimbie, juu mutu wa Lubumbashi anakuwaka na kambo fulani mu mugini fulani, na mara mingi ni kwa jina ya ule kambo njo mulango unafunguka. Kisha shefu mwenyewe atauliza: «Sasa batoto bangu, munatafuta nini?» Njo saa ya kueleza. Sema wazi: tunataka kutembea, kuona korongo, kulala usiku moja na kurudi, hatutafute mawe, hatukuje kupima udongo, hatuna kampani nyuma yetu. Usisahau hiyo hata kidogo. Mu Katanga mugeni mwenye anatembea mu milima akiangalia mawe, batu banafikiri ni mutu wa madini, na bako na haki ya kufikiri vile, juu bijiji mingi byetu bilishahamishwa kwa sababu ya madini na benyeji balisikia habari mwisho.

Peleka zawadi ndogo ya heshima: chumvi, sabuni, sukari. Si franga ku mukono mbele ya batu kama vile unanunua njia. Na tafazali usigawe bonboni na franga kwa batoto mu njia, kikundi ya kwanza inafanya vile ikifikiri ni upendo na kikundi ya tano inakuta batoto bameacha masomo juu ya kungoja bageni.

Muongozi anachaguliwa pale pale na shefu, mbele ya batu. Bei munaipatana pale pale vilevile: ni siku ngapi, chakula ni ya nani (inapashwa kuwa yenu, na yeye akule sawa na nyinyi), analala wapi, siku ya kurudi kwake peke yake inahesabiwa ao hapana. Ihesabiwe, juu naye ni kazi yake anaacha. Munatoa nusu, nusu ingine munaporudi. Na kuanzia pale neno lake linapita la kwenu. Akisema leo hatushuke ku korongo, hamushuke, hata kama mulilipa gari ya bei kali kufika.

Nilifunzwa hii kwa maumivu. Miaka mingi nyuma, tulikuwa batano, mwezi wa Mei, tulichelewa juu gari ilikwama mu muchanga, tukapita mugini moja saa tisa bila kusimama, tulinyanyua mukono tu. Njia ilikuwa pana, tukasema hii njo yenyewe. Ile njia pana ilituleta fasi ya kuchoma makala, ikaisha pale. Tukarudi nyuma tukashika ingine, nyembamba, ikatuleta ku ukingo wa korongo na giza ikatukuta pale. Mumoja wetu alizungusha kifundo cha muguu. Mayi ilikuwa imeisha toka saa kumi. Tulilala chini ya jiwe, tukifinyana juu ya baridi, na usiku muzima tulisikia mayi inapita chini mu korongo fasi hatuwezi kufika. Asubuhi kambo mumoja akatokea na shoka yake ku bega. Akatuangalia, akasema: «Niliwaona jana munapita pa lupango yangu. Nilijua munapotea. Lakini hamukuniuliza.» Hakukasirika hata kidogo. Akatushika akatupeleka ku chemchemi, ilikuwa dakika kumi toka pale tulilala. Dakika kumi.

Ule kambo njo alinifunza kusoma njia, na mafunzo yake nayatumia paka leo. Njia pana haimaanishe njia ndefu: njia ya makala inakuwa pana na ya kunyooka juu ya kinga, lakini inaishia fasi miti imeisha. Njia ya shamba inagawanyika gawanyika kama bidole, kila tawi na shamba yake. Njia ya mayi inashuka, iko laini chini kwa miguu bila kiatu, na pembeni utaona fasi mutu ametua ndoo kupumzika. Njia ya kwenda mugini mwingine njo moja tu haikate tamaa, inapanda, inazunguka jiwe, inashuka, lakini inarudi ku upande wake. Na kuko njia ya wawindaji, nyembamba sana, inapita mu uzio wa matawi wenye matundu. Pale usiingie, mu kila tundu kunaweza kuwa kitanzi cha waya. Tawi bichi limewekwa kukata njia maana yake usipite hapa, usilitoe kama si weye uliliweka. Ku kila panda ya njia geuka uangalie nyuma, juu njia ya kurudi haina sura ya njia ya kwenda. Kule chini mu miombo bichuguu ni alama muzuri, kwetu kuko bya kufika urefu wa nyumba na kila kimoja kina umbo yake, kumbuka kile cha mti juu, kile kilichokatwa nusu juu ya kuchoma matofali. Kule juu ku majani hakuna alama, ukungu ukishuka asubuhi simama ungoje uondoke, usitembee karibu na ukingo.

Hesabu ya saa iko ya mutu wa Scotland, William Naismith, aliitoa mwaka 1892 na ingali inatumika: saa moja kwa kila kilometa 5, uongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo kilometa 12 na kupanda mita 600 inaleta karibu saa tatu na nusu. Lakini yeye alihesabia mutu mwenye nguvu ku baridi ya kwao, bila kusimama. Sisi na jua, sakado, mapicha na kusalimia batu ba mu njia, tunaongeza nusu yake, inakuwa saa tano na zaidi. Mu mwezi wa Juni jua yetu inazama mbele kidogo ya saa kumi na mbili na giza haingoje. Mbele ya kutoka, mupange kwanza saa ya kugeuka. Tunasema kwa sauti wote tusikie: saa saba, popote tutakuwa, tunageuka. Hata kama maporomoko inasikika karibu, juu mu korongo sauti inadanganya sana, inapiga ku ukuta inarudi, unafikiri iko mita mia na iko kilometa mbili.

Korongo yenyewe. Hapa nitakuwa murefu na naomba uvumilie.

Kitu cha kwanza ni mayi ya kule juu. Mbingu juu yako inaweza kuwa safi kabisa na mvua inanyesha ku plato fasi hauone, ile mayi yote inatafuta mulango mumoja na mulango ni fasi umesimama. Kama mayi inageuka rangi kuwa ya udongo, kama inaanza kubeba majani na bijiti, kama unasikia mungurumo wenye haukuwa, haupime, haupige picha, unapanda upande wa karibu hata kama ni mubaya. Na usilale kamwe mu tumbo la korongo, hata mwezi wa tano. Angalia ku kuta: ukiona majani makavu na matawi yamenaswa mu miti juu ya kichwa chako, ile njo urefu wa mayi ya mvua ilipita.

Cha pili ni ukingo. Jiwe la juu ya maporomoko linakuwaka na utelezi wa kijani wenye hauonekane, na upepo wa kule unasukuma. Tunaweka sheria: urefu wa mutu mbili toka ukingo, mwenye anataka kuangalia chini analala tumbo na mwenzake anamushika miguu. Wengi banaonaka Lofoi toka juu na inatosha, moyo unajaa kabisa. Kushuka chini ni kazi ingine, mwinuko ni mukali na mawe inacheza, munashuka mumoja mumoja, mwenye yuko juu anangoja ule wa chini ajifiche pembeni, na jiwe likitoka unapiga kelele «Jiwe!» hata kama ni kadogo. Fimbo mbili za kukata zinaokoa magoti. Kumbuka pia kama kushuka njo inavunjaka batu kupita kupanda: muguu umechoka, bongo inafikiri nyumbani, na kifundo kinageuka.

Cha tatu ni kuvuka mito. Mayi ya haraka yenye kupita magoti haivukwe. Kwa ile ya chini ya magoti, fungua mukanda wa sakado ku kiuno juu ukianguka uitupe, baki na biatu, uso uangalie mayi fasi inatokea, fimbo mbele, na sogeza muguu mumoja wakati ule mwingine na fimbo bimeshika. Bidimbwi bikubwa na Lufira yenyewe ni jambo ingine: mamba iko. Haunawe, hauogelee, hauchote, paka muongozi akuonyeshe fasi benyeji banachotaka. Nayo mayi iliyosimama ya pembeni inaweza kukupa kichocho, ngozi yako tu ndani ya mayi inatosha.

Radi nisipite haraka. Ukiona mwangaza hesabu sekonde paka ngurumo, kila sekonde tatu ni karibu kilometa moja. Ikifika chini ya sekonde 30 uko tayari mu hatari, toka ku kilele, toka ku mti wa peke yake, toka juu ya kichuguu, shuka, achana mita kadhaa na benzako, chuchumaa, na ngoja nusu saa nzima kisha ngurumo ya mwisho. Moto wa pori nao, kuanzia Julai: unapanda mulima mbio kupita mutu, kwa hiyo haukimbie kupanda. Unatafuta fasi ilishaungua ao mawe matupu, unaingia pale. Na moto wenu wa kupika munauzima kwa mayi na udongo paka mukono unagusa jivu bila kuungua. Nimeona kilima kizima kimeungua na shamba ya batu ndani kwa ajili ya chai ya bageni.

Mu sakado: mayi litri tatu ao ine kwa mutu kwa siku, ni kizito, lakini hakuna njia ingine ku plato. Ya kuongeza unaichemsha paka iruke mabubujiko. Chakula chepesi chenye hakiharibike: kalanga, ndizi kavu, mikate, samaki kavu, unga wa bukari na chumvi, na mangaribi mugini mama fulani atawapikia sombe kama mulipatana mapema. Ukipewa munkoyo usikatae yote, kunywa kidogo kwa heshima, lakini kama uko na tumbo nyepesi sema wazi. Uyoga wa mu pori usiokote weye mwenyewe kamwe, hata kama unafanana na wa ku soko. Tumbo ikiharibika: litri moja ya mayi iliyochemka, bijiko bidogo sita bya sukari bya kujaa sawa, nusu kijiko ya chumvi, unakunywa pole pole siku nzima. Ongeza koti ya baridi, nailo ya mvua, toshi na batri za kubadilisha, kitambaa cha kufunga muguu, filimbi. Filimbi ni franga kidogo na inasikika fasi sauti ya mutu inapotea.

Biatu bikuwe bizoefu, si bipya, na kucha ukate siku mbili mbele, juu kila hatua ya kushuka bidole binapiga mbele. Soseti mbili. Mara unasikia fasi inachoma ku kisigino simama papo hapo uweke plasta, usiseme «tukifika». Suruali ndefu, kwa majani na kupe na nyoka. Nyoka mingi inakimbia ikisikia miguu yako, ule munene mwenye analala mu njia njo hakimbie, kwa hiyo usitie muguu ao mukono fasi macho haijaona, na magogo unapanda juu yake kwanza kisha unashuka, haurukie ngambo. Mutu akiumwa: usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza. Toa pete na saa, muguu ukae bila kucheza kama uliovunjika, mubebeni, asitembee, na safari yote inageuka pale pale kwenda ospitali. Njo maana kikundi ya chini ya batu bane siipelekaki: mumoja ameumia, mumoja anabaki naye, mbili banaenda kutafuta musaada.

Rezo hakuna fasi kubwa ya ile njia. Shusha karte mu telefoni ukiwa nyumbani, tia alama ku mugini na ku maji, na uzime rezo juu batri isife ikitafuta. Lakini kitu kinachookoa kabisa ni karatasi unaiacha nyumbani: majina ya wote, jina ya mugini, jina ya shefu, siku na saa ya kurudi, na saa yenye kama hatujapiga simu munaanza kututafuta. Mupe mutu mwenye anashikaka neno, si mwenye atasema «bako tu banajifurahisha».

Na wakati munarudi, hata kama mumechoka kufa na gari inapiga honi, munapita tena ku lupango. «Shefu, tulienda sita, tumerudi sita.» Unamulipa muongozi nusu yake pale mbele ya wote. Unaeleza mulikuta nini, kama daraja ya miti imevunjika, kama moto uko upande fulani, juu bako na batoto na bamama benye batapita pale kesho. Takataka yenu yote munarudi nayo muji, hata bidoni ya watu wengine mukiikuta.

Mapicha usiyaache yalale mu telefoni. Toa za batu pa karatasi, andika majina nyuma, funga mu plastiki na umupe dereva wa lori ya makala yenye inarudi kule. Ya ule kambo wa shoka niliituma na lori ya mwezi wa Agosti, na mwaka uliofuata niliikuta ku ukuta wa nyumba yake, karibu na mulango, na yeye akaniambia njia ya chemchemi imegeuka kidogo juu mti ulianguka, twende nikuonyeshe.